Kadi Niliyomjazia Dada

Mimi ni mkali, najua, na wateja wangu wanalijua hilo kunizidi. Kibanda changu kiko Singida mjini, nyuma ya soko, na kibao cha mlangoni kinasema narusha nyimbo, muvi na katuni. Mtu analeta simu au kadi ya memori, namwekea anachotaka, anakwenda zake kijijini ambako mtandao mpaka upande kichuguu ndipo uupate. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya dakika kumi. Siku hizi inanichukua saa nzima, na nyuma ya mgongo wananiita mwalimu wa zamu.

Juzi alikuja mama mmoja wa Issuna, mtoto mgongoni, akanipa simu akasema nimjazie zile video za gemu, zile ambazo jamaa anacheza huku anaongea, maana mwanawe mkubwa wa miaka minne anazipenda kufa. Nikamwambia aketi. Nikamuuliza simu inabaki na nani akienda shamba. Akakunja uso, akauliza kwani pale ni polisi. Nikamgeuzia kompyuta, nikafungua video moja, nikaisogeza mpaka katikati, nikamwambia aangalie hapo, asiangalie mwanzo. Mwanzo huwa mzuri siku zote. Umewekwa kwa ajili ya mzazi anayechungulia mara moja halafu akaendelea na mambo yake. Nikamwambia pia afumbe macho amsikilize yule jamaa tu: mgeni anayepiga kelele namna hiyo, anayecheka mwenzake akianguka, angemkaribisha akae na mwanawe kutwa? Nikampa na jambo jingine lisilo na gharama. Mtoto akimaliza kutazama, mwambie akusimulie. Akisimulia vizuri, sawa. Akinyamaza, au akitazama mlangoni kwanza ndipo ajibu, futa. Mama wa watu alinisikiliza mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia, kisha akachukua simu yake akaenda kibanda cha pili, ambako hawaulizi kitu.

Simlaumu. Hata mimi nilikuwa siulizi kitu.

Lazima nieleze habari ya kujaza, maana ndiyo iliyonimaliza. Huku kwetu mtu akileta kadi anataka ijae. Ukimrudishia ina nafasi anaona umempunja, sawa na kupimiwa debe la mtama lisilofika mdomoni. Kilichomo ndani hakimshughulishi sana, mradi imejaa. Basi sisi warushaji tukazoea kuweka vitu viwili vitatu alivyoomba mteja, halafu nafasi inayobaki unaisindilia video ndefu. Na kwa urefu hakuna kama za gemu, moja saa nzima, nyingine saa mbili. Nilikuwa nimezipakua kwa wingi, nikaziweka kwenye folda nikaiandika KATUNI. Sikuwahi kutazama hata moja mpaka mwisho. Nilikuwa naangalia ile picha ya nje, nikiona kondoo au kibanda au maua, basi, hiyo ni ya watoto.

Dada yangu alikuja Januari, palizi imepamba moto. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani Mungaa na mama yetu. Mume wake alikuwa kwenye machimbo ya mbali, na binti yao wa pekee alikuwa ametimiza miaka mitano. Alitaka kitu cha kumtuliza mtoto wakati yeye yuko shambani, ili asimchoshe bibi yake. Nikamwekea nyimbo za kwaya, nikamwekea katuni mbili, halafu nikasindilia. Kabla hajaondoka aliniuliza swali, na bado namwona alivyosimama pale mlangoni, jembe jipya limefungwa gazeti chini ya kwapa.

"Kaka, hizi zote zinamfaa mtoto?"

"Zinamfaa. Ni katuni tu."

Hata macho sikuinua. Kulikuwa na foleni ya watu watatu, na mmoja alikuwa anataka kuwahi gari.

Sasa nieleze habari za mama. Mama yetu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alivyochelewa kutibiwa mboni zilikuwa zimefunikwa kabisa, nyeupe. Aliona mwanga na kivuli, basi. Macho yake yalikuwa yule mjukuu. Ndiye aliyemshika mkono kwenda chooni, ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano, ndiye aliyemchambulia mawe kwenye mtama, nao walilala kitanda kimoja. Wakizungumza, ni Kinyaturu kitupu na kwa kasi, mpaka mimi niliyezoea maneno ya mjini wananiacha njiani. Na kila asubuhi, kabla hata shikamoo haijaitikiwa vizuri, mama alikuwa anampapasa mtoto uso ili ajue ameamkaje. Alitufanyia hivyo sote. Nikienda nyumbani nilikuwa nainama, mikono yake inapita kwenye paji la uso na mashavu, halafu ananisema kwamba nimekonda, huko mjini kwani hatuli. Nilikuwa najifanya inanikera. Leo ningetoa chochote.

Dada anasema wiki za mwanzo mama mwenyewe aliipenda ile simu. Hakuona kitu, na Kiingereza hakijui, lakini alikuwa akimsikia yule jamaa wa gemu anavyocheka, akawa anasema huyo kijana ana moyo mwepesi, naye anacheka. Bibi na mjukuu walikaa kivulini, mmoja anatazama, mwingine anabangua karanga, na dada akiwa shamba alijua kwake kumetulia.

Machi dada akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejificha. Akasema mtoto hataki tena kulala na bibi yake. Hataki kumshika mkono. Akitumwa kumpelekea maji, anaweka kikombe chini hatua tatu kabla ya kufika, anakimbia, na mama anabaki anapapasa ardhi akitafuta kikombe. Asubuhi moja mama alimnyooshea mikono kama kawaida na mtoto akapiga ukelele ambao majirani wote waliusikia. Ameanza kukojoa kitandani. Wamempeleka zahanati, muuguzi hakuona homa wala nini. Ukimuuliza, anafunga mdomo.

Halafu dada akaniambia lile alilopigia simu hasa. Majirani walikuwa wameanza. Walisema mtoto mdogo hadanganyi, anayaona mambo ambayo sisi wakubwa hatuyaoni, na kwamba haiwezekani mtoto amkimbie bibi aliyemlea bila sababu. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa maneno ya namna hiyo huishia wapi kwa mwanamke mzee mwenye macho yaliyoharibika. Nikamuuliza dada, na wewe je, unasemaje? Akasema, "Sijui, kaka. Mtoto ni wangu." Nikamtukana. Nilimwambia maneno ambayo kaka hamwambii dada yake, nikamwambia asipojua basi mimi najua, yule ni mama yetu, na kama ana akili za kusikiliza umbea wa kisimani kuhusu uchawi basi aache. Nikakata simu, na hasira yote nilimwekea yeye.

Jumamosi nikafunga kibanda nikaenda. Nilimkuta mama ameketi peke yake kwenye kigoda nje ya jiko. Nikainama, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akanipapasa, lakini haraka haraka, halafu akairudisha mikono mapajani kama mtu aliyekatazwa. Nilipochungulia jikoni nikaona mkeka wake na blanketi. Alikuwa amehamia huko. Nikafura. Akaniwahi, akasema hakuna aliyemfukuza, amehama mwenyewe, mtoto apate usingizi.

Mtoto aliniamkia kutoka mlangoni kwa nyumba kubwa, hakuvuka ua. Nikamfuata, nikakaa naye sakafuni. Sikumuuliza habari ya bibi yake. Nilimwambia tu, njoo tutazame simu mimi na wewe, nichagulie nzuri. Alikuwa anazijua zote kwa kichwa, maana kule hakuna mtandao wa kuleta nyingine. Zile nilizozijaza ndizo alizozitazama miezi miwili, zikiisha anazianza upya. Akanichagulia yenye kondoo. Picha ya nje niliikumbuka vizuri: kondoo wanne, ua wa miti, kibanda chenye maua.

Mwanzo, jamani, ni shamba. Yule jamaa analima, anapanda, analisha kondoo, anacheka. Nikaanza kusema moyoni kwamba hapa hakuna tatizo. Tulipofika karibu nusu saa mtoto akasogea akanibana mbavuni. Akaweka viganja usoni, akaacha upenyo kati ya vidole. Kwenye kioo jua likazama mara moja, kondoo wakanyamaza, na mlangoni kwa zizi akatokea kizee. Mgongo umepinda, nguo imefunika kichwa, macho meupe tupu. Haoni. Anatembea akipapasa ukuta, halafu ananyoosha mikono mbele na kutafuta. Yule jamaa akawa anapiga kelele na kukimbia. Yule kizee akimgusa mchezaji, hata kwa ncha ya kidole, kioo kinakuwa cheusi na mchezaji hayupo tena. Walikuwa wachezaji sita mwanzoni. Aliwagusa mmoja mmoja.

Mtoto hakuwa akinitazama mimi wala simu, alikuwa akitazama kule uani, kwenye kigoda. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, ukiguswa inakuwaje? Akajibu kwa Kinyaturu, neno moja, kwamba unaisha.

Miaka mitano. Alikuwa amekaa na woga huo peke yake wiki kwa wiki, akiambiwa kila siku mpelekee bibi maji, mshike bibi mkono. Na mimi ndiye niliyemwekea. Sikuwa na mwingine wa kumtukana.

Dada aliporudi shambani nilimwonyesha. Alitazama mpaka mwisho, jembe bado mkononi. Hakusema kwamba aliniuliza na mimi nikamjibu zinafaa. Laiti angesema. Aliweka jembe chini, akaenda jikoni kwa mama, akapiga magoti akaomba radhi kwa sababu ya jambo ambalo mama hakujua bado kwamba alikuwa amelifikiria. Nikamwachia akamaliza, halafu nikaingia.

Nilimweleza mama kadiri nilivyoweza. Si rahisi kumweleza gemu mtu ambaye hajawahi kuiona. Nilisema kuna picha kwenye simu, si za kweli, za kuchezea, na humo kuna mwanamke mzee anayetisha watoto, na mtoto amechanganya. Alisikiliza kichwa kimeinama.

"Huyo mwanamke ana macho ya namna gani?"

"Kama yako, mama."

"Na anashika watu?"

"Anawashika."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Kisha akasema basi mtoto hana kosa, na majirani nao waambiwe hana kosa. Akauliza nani aliyeziweka hizo picha. Dada akafungua mdomo, nikamtangulia. Nikasema ni mimi.

"Ulikuwa na haraka, baba," akasema mama. Alikuwa akiniita baba tangu utoto wangu, kama mama wengi wanavyowaita wana wao. Hakusema zaidi ya hapo, wala hakunikaripia hata siku moja. Ningependa angenikaripia. Nimezoea makelele, ningejua pa kuyaweka.

Nilijirushia ile video moja kwenye simu yangu, halafu nikafuta kadi yote, hata kwaya. Nilizunguka nyumba za jirani moja moja na simu yangu mkononi, nikiwaonyesha ile video watu wazima kwa aibu, nikisema mwenye kosa ni mimi hapa. Maneno yakapoa. Lakini mtoto huwezi kumfuta. Tulimwambia ni mchoro, akaitikia ndiyo. Tulimwambia bibi anakupenda, akaitikia ndiyo. Kikombe bado alikiweka mbali. Mama akatukataza kumlazimisha. Akaanza kujifunika kanga usoni akisikia hatua zake, na mikono akaiingiza ndani ya kanga, akae kama mzigo tu pale kwenye kigoda, mtoto apite.

Nikamwambia twende akafanyiwe upasuaji wa macho. Miaka yote alikuwa akikataa, akisema ameshaona vya kutosha duniani. Safari hii alikubali siku hiyo hiyo. Njiani kwenda hospitali ya mjini nilimtania kwamba leo amejua thamani ya kuona. Akasema hataki kuona, ila ameambiwa wakipasua ule weupe unaondoka, na yeye anataka uondoke ili mtoto akimtazama asiogope. Nikalifunga dirisha la gari, vumbi lisimwingie.

Daktari alimpima, akasema inawezekana, madaktari wa macho wangekuja Agosti, akaandikwa jina. Tukarudi na tumaini. Nyumbani, nakiri, kukaanza kuwa na nafuu kidogo. Kikombe kilisogea. Dada alikuwa ananipigia kunihesabia: leo hatua mbili, leo moja. Juni, wakati wa kupiga alizeti, mtoto alikaa ua mmoja na bibi yake mchana mzima akiokota mbegu zilizoruka, na mama chini ya kanga yake akawa anamsimulia hadithi kwa Kinyaturu, polepole, kwa sauti ndogo. Mtoto alicheka mara moja. Dada aliniambia hilo akilia, nami nikaanza kuamini kwamba tutafika.

Kipindi hicho ndipo nilipoanza ukali huu wa kibandani. Nilikaa nikatazama folda nzima, video kwa video, mpaka mwisho, mchana kutwa, wateja wakinisubiri nje. Nyingine hazina neno, jamaa anajenga nyumba tu na kuongea kwa upole. Nyingine anawaambia watoto wabonyeze hiki na waombe kile kwa wazazi. Nyingine zina maua nje na makaburi ndani. Nilikuta zile zenye yule kizee tatu. Sijui nilikuwa nimewajazia watu wangapi, sikuwa naandika. Kuna nyumba Ulemo, kuna nyumba huko mbele, ambako pengine mtoto anamkimbia bibi yake mpaka leo na hakuna anayejua kwa nini. Hilo linaninyima raha kuliko nitakavyoweza kusema hapa.

Julai baridi ilikuwa kali, upepo wa kwetu mnaujua. Mama akashikwa na kichomi kule jikoni alikokataa kuhama, akisema atahama mtoto akimwita mwenyewe. Siku nne tu. Zahanati, sindano, siku ya tano asubuhi amekwenda. Miezi yangu ya hesabu za Agosti ikaishia hapo.

Siku ya kuaga, jeneza liliwekwa uani, katekista akasali, watu wakapanga mstari. Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya dada, ameng'ang'ania kitenge chake. Nilikuwa nimewaambia watu wote, kwa ukali wangu, kwamba asishurutishwe kusogea, na mtu asithubutu. Zamu yetu ilipofika akanivuta shati. Nikachuchumaa.

"Mjomba, bibi amekufa kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Mikono yake haiwezi kushika tena?"

"Haiwezi."

Akaliachia pindo la kitenge. Akatoka, akatembea mwenyewe mpaka kwenye jeneza, akasimama karibu kabisa, kifua kimegusa ubao, akamtazama bibi yake usoni bila woga wowote. Nyuma yangu wanawake wakaanza kumsifu, wakisema ona mtoto alivyo jasiri, ona alivyompenda bibi yake. Dada alinitazama, na mimi nikaangalia chini.